Kitabu kimoja, nakala 5

Leo ubaoni tulikuwa tunasanifu programu ya kompyuta: mfumo wa maktaba.

Kuanza ni rahisi: soma maelezo ya mteja, pigia mstari nomino. Mwanachama, kitabu, uazimaji, faini. Hizo ndizo klasi (aina za vitu ambavyo programu itavitunzia taarifa) za kujaribia. Nusu zitafutwa baadaye, usizipende mno.

Kasheshe ikaja hapa: kamusi moja, nakala 5, mbili zimeazimwa. Sifa (taarifa inayotunzwa ndani ya klasi) ya "ipo/haipo" ikae wapi?

Karibu wote: kwenye Kitabu!

Basi mtu mmoja akiazima, zote 5 zinasomeka hazipo. Kwa hiyo tunaongeza klasi ya Nakala. Jina na ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu kilichochapishwa) ni vya Kitabu. Namba ya usajili na hali ni vya Nakala. Tarehe ya kurudisha? Ni ya Uazimaji, si ya Nakala, la sivyo historia inafutika kila ikiazimwa upya.

Faini je, klasi au sifa tu ya Uazimaji? Mimi nasema klasi, maana hulipwa kidogo kidogo. Wadau, mnaonaje?