Mfarishi wa Viraka Unaoongezeka Kadiri Mtoto Anavyokua

Nilipoamua kumshonea binti yangu mfarishi wa viraka, nilianza kwa kufikiria kitanda atakachokilalia baadaye, kwa sababu mfarishi wa kitanda cha kichanga humtosha mtoto kwa muda mfupi tu, na kumshonea tangu mwanzo ule wa kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita ni kumlundikia nguo asizozihitaji. Nikachagua njia ambayo kila kipande hukamilishwa peke yake kikiwa na tabaka zake zote tatu, yaani uso, kijazio na bitana, kisha vipande vilivyokamilika huunganishwa kwa mikanda ya kitambaa. Mfarishi wa namna hiyo waweza kufumuliwa ukingo wakati wowote na kuongezewa vipande vingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila kipande changu kina sentimita 30 kwa 30, kipimo nilichokipata kwa kutumia marumaru ya sakafu iliyobaki baada ya ujenzi. Pembe zake ni za mraba kamili, na uzito wake hukibana kitambaa kisihame wakati wa kupiga mstari wa chaki. Vipande vitatu kwa vinne, yaani 12, vinatoa sentimita 90 kwa 120, na vipande vitano kwa saba, yaani 35, vinatoa sentimita 150 kwa 210, ukubwa unaofunika kitanda kile na kubakiza takriban sentimita 20 za kuning'inia kila ubavu.

Uso niliupata kwa sehemu kubwa kutoka kwa fundi wa jirani hapa Tabata, ambaye mabaki yake ya vitenge hujaa kiroba baada ya kila msimu wa sherehe. Si kila kitenge ni pamba, hivyo nilichomoa uzi mmoja mmoja na kuuchoma kwa kiberiti: uzi wa pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, ilhali wa poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Vya poliesta nilimrudishia, kwa maana katika joto la Dar es Salaam kitambaa kisichopitisha hewa ni adhabu kwa mtoto. Bitana ni khanga nilizonunua Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, doti mbili za rangi moja, ili vipande vya miaka ya mbele visije vikakosa wenzao. Upande mmoja wa khanga, wenye takriban sentimita 150 kwa 110, hutoa vipande 15, na pindo zinazobaki hufaa kwa mikanda.

Vyote nilivifua kabla ya kukata, kila rangi peke yake hadi maji yakatoka safi, kwa kuwa pamba mpya hurudi na wanga wake hudanganya mkono. Khanga nilizichana badala ya kuzikata kwa mkasi, maana mchano hufuata uzi wa kitambaa, ilhali mistari ya chapa mara nyingine huenda upande. Mama mkwe wangu alipoona mkono umeshika khanga aliuliza, "Mwanangu, na jina nalo utalichana?" Nikamjibu, "Hapana, mama, jina litakaa zima," nikautenga ukanda wote wenye maandishi.

Kijazio ndicho kilichonifikirisha zaidi. Wengi hushauri sufi au pamba ya kujazia mito, nami sikubaliani nao: vyote viwili hukusanyika mabonge baada ya kufuliwa iwapo mishono iko mbali mbali, na wakati wa masika kitu kinene hakikauki, kikaishia kunuka ukungu. Nilitumia mashuka ya pamba yaliyochakaa, tabaka moja tu, ambayo yanatosha hata kwa usiku wa kipupwe wa mwezi Julai.

Kila kipande nilikipiga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, ili tabaka zisiteleze, kisha nikakishona kwa cherehani ya kukanyaga, mistari ikiachana kwa upana wa vidole vitatu, kwa sindano namba 14 na hatua ndefu kuliko ya gauni. Katika kuunganisha, mkanda wa juu una upana wa sentimita 3, na wa chini una sentimita 5 kabla ya kukunjwa katikati. Mikanda yote miwili hushonwa pamoja kwenye ukingo wa kipande cha kwanza, mmoja juu na mwingine chini. Upande wa pili wa mkanda wa juu hushonwa kwenye kipande cha jirani, kingo za vipande zikikutana chini yake. Mwisho mkanda wa chini hulazwa kufunika mshono na kumaliziwa kwa mkono, kastabini ikiwa kidoleni. Vipande huungwa kwanza kuwa safu, kisha safu kwa safu.

Mwaka wake wa kwanza mtoto hakulala na mfarishi huo, kwa kuwa wataalamu wa afya hushauri kichanga asiwekewe nguo zilizolegea kitandani. Ulitandikwa juu ya mkeka akauchezea. Alipohamia kitanda kikubwa nilifumua ukingo wa pande mbili tu, wa kulia na wa chini, nikaongeza vipande 23 kwa umbo la pembe. Wapo wanaopenda kuzungushia pande zote nne ili vya zamani vibaki katikati, lakini kazi ya kufumua huwa maradufu bila faida ninayoiona. Baadhi ya vipande hivyo vipya ni magauni yake mwenyewe yaliyokuwa yamembana. Fulana niliziacha, kwa sababu hunyumbuka na kupotosha mraba. Rangi mpya zilikolea kuliko za zamani, jambo ambalo katika mchanganyiko wa vitenge halimsumbui mtu. Jina la khanga likashonwa mgongoni siku hiyo, upande wa miguuni.

Ninaufua kwa maji baridi na kuuanika kivulini, bitana ikitazama nje. Kipande kimoja kilichanika kwenye msumari wa kitanda. Nilifumua mikanda yake minne, nikaweka kingine, na vilivyokizunguka havikuguswa.