Programu iliyoishi baada ya kampuni yake kufa
Mwaka 2002 kampuni ya Kiholanzi iliyomiliki Blender, programu ya kutengeneza picha na filamu za 3D, ilifungwa, na kwa kawaida programu ya namna hiyo huzikwa pamoja na mwenyewe, hata kama watumiaji bado wanaihitaji. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, akakubaliana na wawekezaji waachie msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi ya maelekezo yanayoiendesha, kwa euro 100,000, fedha ambazo watumiaji walizichanga kwa wiki saba tu (nani angetarajia?). Tangu Oktoba mwaka huohuo, yeyote anaweza kuusoma msimbo huo, kuurekebisha na kuuhamishia kwenye kompyuta mpya bila kumwomba mtu ruhusa. Hiyo, kwangu, ni hoja nzito ya kupendelea programu zenye msimbo ulio wazi, kuliko hata kuzipata bure. Filamu ya Flow, iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender hiyohiyo.