Mwezi wa Julai Niliochomwa Uso kwa Leza

Nilipokwenda kumwona daktari wa ngozi jijini Nairobi, nilidhani kwamba jambo gumu lingekuwa bei. Bei aliitaja kwa sentensi moja, kisha muda wote uliobaki akautumia kunihoji. Je, niliwahi kumeza isotretinoini nilipokuwa nikitibiwa chunusi? Je, katika ukoo wetu yuko mtu ambaye akikatwa au akitogwa sikio huota kovu linalovimba kupita kidonda chenyewe? Je, huwa natokwa na malengelenge mdomoni, yale ambayo watu wa kwetu Mombasa husema ni homa inatoka? Je, napaka krimu yoyote ya kujichubua, hata ile ambayo muuzaji huapa kuwa ni ya kung'arisha tu? Swali hilo la mwisho aliliuliza mara mbili kwa maneno tofauti, nami nikatambua kwamba amekwisha kuzoea kudanganywa.

Nilikuwa nimekwenda kwa sababu ya vishimo vilivyobaki mashavuni tangu shule ya sekondari, na sikuona vinahusiana vipi na mambo hayo. Alinieleza bila haraka. Virusi vya malengelenge hujificha kwenye neva, na mchomo wa leza huweza kuviamsha vikaenea juu ya uso ulio kidonda, kwa hiyo vidonge vya valasiklovia huanza kumezwa kabla ya tiba na kuendelea mpaka ngozi ijifunge. Isotretinoini nayo, kwa desturi ya miaka mingi, ilitakiwa iwe imeachwa angalau miezi 6. Siku hizi madaktari wamelegeza sharti hilo kwa baadhi ya leza, lakini yeye hakuwa mtu wa kulegeza. Krimu za kujichubua huwa na steroidi zinazofanya ngozi iwe nyembamba, au zebaki, na ngozi iliyodhoofishwa hivyo haitabiriki ikichomwa.

Ngozi yangu aliiweka katika daraja la tano la kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kwa rangi yake na jinsi inavyolipokea jua, kilichotungwa na daktari Mmarekani wa jina hilo mwaka 1975. Kipimo hicho hapo mwanzo kilihusu watu weupe peke yao, na madaraja ya tano na sita, ambayo ndiyo ya wengi wetu, yaliongezwa baadaye. Habari hiyo ilinichekesha kidogo, ila maana yake haikuwa ya kuchekesha: ngozi nyeusi ikijeruhiwa hujibu kwa kumwaga rangi zaidi, na mtu aliyekwenda kuondoa makovu anaweza kurudi na mabaka meusi yatakayomkera kuliko makovu yale. Ndiyo maana hakunipangia tarehe ya tiba siku ile. Alichoma sehemu ndogo chini ya taya, karibu na sikio, akaniambia nirudi baada ya majuma kadhaa tuone itakavyopona, na katika muda huo nipake krimu ya kukinga jua kila asubuhi.

Alama ile ilipopona bila kuacha baka, alinichagulia leza ya erbiamu, ambayo mwale wake una urefu wa mawimbi wa nanomita 2,940 na hufyonzwa na maji yaliyomo ndani ya ngozi kwa nguvu zaidi ya mara 10 kuliko ule wa leza ya kaboni dioksidi, hivyo joto linalobaki kuunguza ngozi ya pembeni huwa dogo. Haikuparua uso mzima. Ilitoboa matundu madogo mno yaliyoachana, kwa mbinu iliyoelezwa na Dieter Manstein, Rox Anderson na wenzao mwaka 2004, ili ngozi isiyoguswa iliyobaki kati ya tundu na tundu iwe ndiyo inayoponya iliyotobolewa. Kwa ngozi yangu alipunguza idadi ya matundu, akinionya kwamba nafuu nayo ingekuja polepole.

Tiba yenyewe haina mengi ya kusimulia. Nilinyoa ndevu, nikapakwa krimu ya ganzi, nikasubiri kama saa nzima, nikafunikwa macho kwa vikombe vya chuma, na baada ya hapo nilisikia milio mifupi ya mashine, uchungu wa kuvumilika na harufu ya vinyweleo vinavyoungua.

Kazi ilianza nyumbani. Shangazi yangu alikuwa amepanda basi kutoka Mombasa kuja kuniuguza, na katika mzigo wake alibeba liwa, ule unga wa mti wa kunukia unaopakwa usoni, aliyoisaga mwenyewe pamoja na chupa ya marashi mawaridi. Asubuhi ya pili, aliponikuta macho yamevimba hata hayafunguki vizuri, alitaka kuanza mara moja. Nilimwonyesha karatasi ya daktari: maji safi ya uvuguvugu, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na basi. Aliutazama uso wangu uliokuwa ukimetameta, akasema, "Mwanangu, huyu daktari wako amekupaka grisi kama gurudumu la gari." Nilimweleza kwamba kidonda kikikauka huchelewa kupona, na kwamba liwa hukausha, tena manukato na unga wowote huweza kuuwasha uso uliotobolewa tabaka la juu. Hakukubali, lakini aliiweka liwa kabatini, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyechemsha maji, akayapoza na kunikumbusha saa za kunawa.

Nilikuwa nimekwisha kuuliza kuhusu swala, na ninamshauri kila Mwislamu aulize kabla, si baada. Udhu haukuwa na shida, kwani kunawa taratibu kwa maji safi kulikuwa sehemu ya tiba. Shida ilikuwa sijida, kwa maana daktari hakutaka niinamishe kichwa uvimbe ukiwa bado haujapungua. Alitaka hata kulala nilalie mito miwili. Imamu wa mtaani alinikumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa, nami nikaswali nimeketi kitini.

Kisha ngozi ikaanza kubanduka vipande vidogo vya rangi ya kahawia, na mkono ukatamani kuvibandua. Shangazi alinipiga vidole mara kadhaa. Wembe pia ulipigwa marufuku, jambo lililonifanya nirudi kazini na ndevu za kuulizwa maswali.

Watu walinipongeza kwa kuchagua mwezi wa Julai, wakati Nairobi huwa na mawingu na baridi. Walikosea. Mionzi inayodhuru ngozi hupenya mawingu, na jiji hili lililo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari huipokea kwa ukali zaidi kuliko Mombasa ya mawingu yale yale. Sehemu ya mionzi hiyo hupita hata kwenye kioo, kwa hiyo ndani ya matatu nilikaa mbali na dirisha. Krimu ya kukinga jua niliyoandikiwa ilikuwa yenye rangi, kwa sababu oksaidi za chuma zilizomo huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao huitia ngozi nyeusi madoa, na kwa sababu ile nyeupe ingeniacha na uso wa majivu.

Hata hivyo, mwezi mmoja hivi baadaye, shavu la kushoto lilifanya baka jeusi. Daktari hakushtuka. Aliniandikia krimu ya haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa, ya muda mfupi, chini ya uangalizi wake, nalo likafifia kwa miezi iliyofuata.

Mwezi wa Oktoba alipanga picha za kabla na za sasa, zilizopigwa katika mwanga ule ule. Vishimo vipana vilikuwa vimeinuka kiasi cha kuonekana. Vile vyembamba vyenye kina havikuwa vimebadilika, kama alivyonitahadharisha siku ya kwanza. Alisema kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ingeendelea kujijenga kwa miezi kadhaa, na kwamba vile vyembamba vingehitaji tone la asidi ndani ya kila kimoja au kukatwa, kwa kuwa leza pekee haivifikii. Nilimwomba anieleze bei ya asidi, nikaiandika, nikamwambia kwamba mashavu haya yananitosha kwa sasa.