Kidonge cha presha hakikatwi kwa wembe

Ami yangu alikuwa mvuvi wa kamba hapa kisiwani Pate, kaunti ya Lamu, mpaka presha ilipomtoa baharini. Juzi nimemwona akikata kidonge chake kwa wembe: nusu leo, nusu kesho. Hakuna daktari aliyemwambia afanye hivyo. Anataka pakiti imfikishe mwisho wa mwezi. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwanangu, kwenda mjini Amu ni nauli, na dawa nayo ni pesa."

Kwa sera ilivyo, Ami hafai kulipa chochote. Hapa Kenya, ada za matibabu kwenye vituo vya serikali zilianza 1989. Mwaka 2004 zikashushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya, na Juni 2013 zikafutwa kote kuwili. Tangu SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani ya taifa, Oktoba 2024, matibabu ya ngazi hizo yanalipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, mradi uwe umejisajili SHA. Ami amejisajili.

Basi anapimwa bure, anaandikiwa dawa bure, kisha, kwa kuwa zahanati haina dawa, anaambiwa akanunue kemisti Amu. Ada iliyofutwa zahanatini anailipa dukani, na juu yake nauli ya boti ya kwenda na kurudi. Na hiyo ni bahari ikiwa shwari! Kusi ikivuma kuna siku vyombo havitoki, na presha haingojei upepo utulie. Mimi huogopa sana siku hizo, maana kiharusi tumekiona kwa majirani, watu wazima waliokuwa wakijitegemea.

Hospitali kubwa zina hesabu nyingine. Huko sharti mchango wa SHIF, mfuko wa bima ya afya wa SHA, uwe umelipwa, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na kwa mzee asiye na kipato hizo si ndogo.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Wagonjwa wa presha na sukari wa kila zahanati wanajulikana, majina yao yamo daftarini. Dawa zao ziagizwe kwa hesabu hiyo, na sisi wa visiwani tupewe za miezi mitatu kwa pamoja kabla kusi haijaanza.

Wawakilishi wetu wa wadi, bajeti ikija mbele yenu ulizeni: zahanati za Pate zimetengewa dawa za presha kiasi gani, na zitafika mwezi gani?