Namba isiyo na maelezo

Programu tuliyoirithi ilikuwa faili moja tu. Kusoma kamera, kusafisha picha, kutafuta kingo, kukadiria mahali kitu kilipo, kuuamuru mkono wa roboti: yote yalikaa humo, yamesukwa kama mkeka. Kamera ya zamani ilipokufa tukafunga mpya, na roboti ikaanza kuviacha vifuniko vyekundu na kukimbilia vya bluu. Sababu yenyewe ilikuwa ndogo. OpenCV, maktaba ya kuchakata picha iliyoanzia Intel mwaka 1999, kwa kawaida hupanga rangi kwa kuanza na bluu na kumalizia na nyekundu. Kamera mpya ilifanya kinyume. Ila marekebisho yake yaligusa kila kona ya lile faili, na hapo ndipo tulipoamua kulivunja.

Tulitumia ROS, mfumo wa programu za roboti ambao sehemu zake hutumiana ujumbe. Kila kazi ikawa moduli inayojitegemea: moja inatangaza picha, nyingine inazipokea na kutangaza kingo, nyingine mahali kitu kilipo. Sitaisimulia kazi hiyo yote, maana sehemu kubwa ilikuwa kukata na kubandika. Ninayoikumbuka ni siku ya kuwasha mkanda unaopitisha vifuniko mbele ya mkono.

Mkanda ukiwa umesimama, mkono ulidaka vifuniko vizuri tu. Ukianza kwenda, vidole vinafumba hewa, kila mara nyuma ya kifuniko. Kila mtu akaanza kutetea moduli yake. "Kaka, kingo zangu ziko sawa, njoo uone," mwenzangu akaniita, na kweli zilikuwa sawa. Hesabu zangu za mahali nazo zilikuwa sawa. Kila moduli ilisema kweli, ila kweli ya muda uliokwisha pita.

Ni yeye aliyerudi kwenye faili la zamani. Karibu na mwisho, kabla ya amri ya kufumba vidole, akakuta mstari unaoongeza 0.021, yaani mita, kwenye mahali pa kifuniko, bila neno la maelezo. Mkanda ulikwenda sentimita 20 kwa sekunde; sentimita 2.1 basi ni mwendo wa sekunde 0.105. Aliyetutangulia alijua kabisa kwamba picha inachelewa. Akaifidia kwa namba, akanyamaza. (Nilimlaani na kumheshimu kwa pamoja.)

Kuirudisha namba ile kusingetufaa. Picha ya pikseli 640 kwa 480 yenye rangi tatu ni baiti 921,600; picha 30 kila sekunde ni karibu megabaiti 28, na sisi tulikuwa tunazinakili kutoka moduli hadi moduli. Ucheleweshaji wetu ulizidi ule wa zamani, tena ulipanda na kushuka kadiri kompyuta ilivyoelemewa. Na ujumbe haukuusema, kwa sababu kila moduli ilipiga muhuri wake mpya wa wakati ilipotuma. Tukakubaliana: muhuri unapigwa mara moja, pale picha inapochukuliwa. Moduli zinazofuata zinaupitisha bila kuugusa, na ile ya mkono ndiyo inayokokotoa kifuniko kimefika wapi sasa hivi.

Vidole vikadaka. Mimi nilitaka tufunge kazi. Mwenzangu akaichomoa moduli ya kingo, mkanda ukienda, akaweka nyingine nzito inayochukua muda maradufu. Mkono ukaendelea kudaka. Akageukia kitufe cha kasi ya mkanda kabla sijamzuia.