Samaki wa bwawa na ile ladha ya matope

Desemba iliyopita nilitoka Kakamega na samaki saba kwa ndoo ya rangi, barafu juu, kifuniko nimekikaza na mpira wa tyubu, na kondakta bado akanilipisha kiti cha ndoo ati itanukia abiria. Haikunuka hata kidogo. Hao ngege (tilapia) mjomba aliwatoa kwa bwawa lake asubuhi hiyo nikiona kwa macho yangu, macho yao yanang'aa, mashavu mekundu. Nikafika Nakuru jioni nikawapara, nikawachanja mistari mitatu kila upande, chumvi, karai, mafuta yakachemka, halafu nyanya, kitunguu, dania, yaani sikuacha kitu. Kijana wangu akatafuna mara mbili akaniangalia. "Baba, hii samaki ni kama nakula shamba."

Nikaonja. Kweli, shamba.

Kosa langu la kwanza ni kudhani sikuosha vizuri. Kesho yake nikachukua wale waliobaki nikawasugua na chumvi, nikabadilisha maji mara tano, nikawapika tena, shamba ni ile ile. Ndio nikampigia shemeji yangu wa Kisumu, dada ya mama watoto, mtu amekulia upande wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, na samaki kwake ni kama chai. Akacheka mpaka nikatoa simu kwa sikio. "Shem, hiyo matope haiko nje. Sasa unaosha nini?"

Hapo ndio nikaanza kuifuatilia hii maneno kwa undani na kumbe yeye alikuwa anaongea sayansi bila kujua. Hiyo ladha si matope. Ni kemikali inaitwa geosmini, na wanasayansi waliipatia hilo jina 1965, maana yake harufu ya ardhi. Inatengenezwa na bakteria wanaokaa udongoni na pia na ule mwani wa kijani-buluu unaoota kwa maji yaliyotulia, yenye chakula kingi na jua. Unajua ile harufu tamu ya mvua ya kwanza ikigonga vumbi? Ni yeye huyo huyo. Bitiruti pia, kama umewahi kushangaa mbona inaonja kama udongo hata ukiimenya na kuiosha. Pua ya binadamu inaishika hata ikiwa kidogo mno, ndio maana maji ya bwawa yanaweza kuonekana safi na samaki bado anaonja hivyo.

Na samaki haimezi hiyo kitu na chakula tu, nyingi inapita kwa mashavu wakati anapumua, inaingia kwa damu inaenda kukaa kwa mafuta. Kuingia ni haraka, masaa tu. Kutoka ndio shida. Kwa hivyo ukiosha ngozi umeosha nyumba na mwizi amelala chini ya kitanda.

Sasa mjomba wangu bwawa lake ni yale yalichimbwa wakati wa mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa 2009, mita 300 mraba, na anatupa samadi ya ng'ombe ndani ili mwani uote ngege wapate kula. Si makosa, ndivyo walivyofundishwa na samaki wananona kweli. Lakini hapo ndio ladha inatoka. Mbuta (sangara) wa maji makuu ya ziwa hana hii taabu sana. Mumi (kambare) naye anapenda kukaa chini kwa tope na ana mafuta, huyo anaweza kukuaibisha mbele ya wageni.

Basi dawa. Nimejaribu mengi na nitakwambia ile imenisaidia. Kwanza fuata mafuta. Mpasue samaki, toa matumbo yote, ule utando mweusi wa ndani ukwangue na kijiko, na damu iliyoganda kwa uti wa mgongo uitoe na ncha ya kisu maji yakimwagika. Hiyo ni usafi wa kawaida, haitoshi. Kisha toa ngozi. Najua, najua. Shemeji aliposikia nimetoa ngozi kwa ngege alinyamaza kidogo kama mtu ameambiwa kuna msiba, kwa sababu kwao samaki analetwa mezani mzima na kichwa chake na mkia wake, na ngozi iliyokaangwa ikakauka ndio watu wanapigania. Tukakubaliana hivi: wa ziwa abaki mzima, wa bwawa avuliwe shati.

Toa minofu, laza ule upande wa ngozi chini, shika mkia na vidole umepaka chumvi ndio usiteleze, pitisha kisu katikati ya nyama na ngozi ukikilaza, usikiinue. Ukimaliza geuza mnofu utaona katikati kuna mstari wa nyama ya rangi ya damu iliyokolea unaenda kutoka kichwani mpaka mkiani. Huo. Hapo ndio nyumbani kwa geosmini. Kata upande huu na upande ule kama unachonga herufi V, utupe. Na kipande chembamba cha tumboni chenye mafuta, tupa pia. Inauma nikihesabu pesa, lakini paka wa jirani ananisalimia siku hizi.

Halafu asidi. Ndimu mbili kwa kilo, na chumvi, nusu saa, basi. Si kwa ajili ya kuficha, asidi inaivunja hiyo geosmini inakuwa kitu kisicho na harufu. Siki inafanya, ukwaju unafanya, na hata maziwa lala nimejaribu ikafanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Usiache usiku kucha kwa sababu nyama inageuka nyeupe inalegea kama imepikwa. Maji yale umwage, usiyarudishe kwa sufuria. Tangawizi na saumu weka kama unapenda, lakini hizo zinafunika tu, na friji haisaidii kitu. Moshi ndio unafunika vizuri zaidi, ndio maana kamongo, yule samaki wa matopeni, akikaushwa kwa moshi huwezi kumsikia na tope.

Lakini dawa kubwa iko kwa mfugaji. Wiki moja hivi kabla ya kuuza, mara nyingine zaidi, samaki wahamishwe kwa maji safi yanayotembea, wasipewe chakula, ile kitu itoke yenyewe kwa njia iliingilia. Nilimwambia mjomba. Akaniuliza samaki wakikaa njaa wiki nzima nani atalipa kilo zitakazopungua. Nikakosa jibu. Tukaelewana angalau amkate mmoja kabla ya kuvua wote, kipande cha mkia kichemshwe bila chumvi bila chochote, anuse.

Pasaka akanitumia wengine wanne aliowaweka kwa tangi la plastiki, maji ya chemchemi yakiingia na kutoka, siku tisa. Mmoja nilimpika na ngozi yake. Shemeji alikuwa amekuja, akachukua kichwa bila kuuliza.