Vitabu Hivi ni vya Nani?

Juma moja kabla ya mtihani, mwanafunzi ninayemsaidia masomo ya jioni aliniwekea mezani zoezi la usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha la biashara na taarifa ya benki, akiwa amenuna kabisa. Katika daftari la fedha la biashara iliyotajwa kwenye swali, salio la benki lilikaa upande wa debiti. Katika taarifa iliyotoka benki, salio lile lile lilikaa upande wa krediti. Alikuwa amefundishwa kwamba mali huwa debiti, akakariri, akajibu maswali mengi kwa kanuni hiyo, na sasa aliona kwamba ama mwalimu wake alimdanganya au benki imekosea.

Hakuna aliyekosea. Nilimwomba aweke kalamu chini anijibu swali moja tu: vitabu hivi ni vya nani? Daftari la fedha ni la biashara, na kwa macho ya biashara benki ni mdaiwa, kwa kuwa imeshika fedha zetu na siku tukizitaka italazimika kuzirudisha. Taarifa ya benki ni nakala ya ukurasa wa leja, yaani daftari kuu la akaunti, ya benki yenyewe, na kwa macho ya benki biashara ile ni mdai anayeweza kufika wakati wowote kudai chake. Fedha ni zile zile na tukio ni lile lile, ila kila upande umeliandika kutoka pale uliposimama. Aliirudia taarifa, akaisoma taratibu, akacheka.

Tangu siku hiyo nimelifanya swali hilo kuwa la kwanza katika kila somo, na jambo lililonishangaza ni kwamba linafaa katika uraia karibu sawa na linavyofaa katika uhasibu. Wanafunzi wengi huyasoma masomo haya mawili kana kwamba hayajuani: moja la tarakimu, jingine la maelezo. Kwa maoni yangu yana shina moja, nalo ni mtu aliyeshika mali au mamlaka ya wengine kutakiwa kutoa hesabu. Kiswahili chenyewe kinakubali, kwa kuwa mtunza fedha hutoa hesabu na kiongozi pia hutoa hesabu, wala hatukuhitaji maneno mawili.

Nianze na debiti na krediti, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Maneno haya hayana maana ya hasara na faida, wala ya ubaya na uzuri. Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti, krediti ni upande wa kulia, na kila tukio la kifedha huandikwa pande zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa sababu hakuna kitu kinachoingia mahali pasipo kitu kutoka mahali pengine au deni kuzaliwa. Luca Pacioli, mtawa Mfransisko aliyefundisha hisabati, alieleza utaratibu huu katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na wapo wanaomwita mvumbuzi wake. Hakuuvumbua, aliueleza kama wafanyabiashara wa Venice walivyokuwa wakiutumia, kwa madaftari matatu: la kumbukumbu za papo hapo, jarida la kupanga matukio kwa tarehe, kisha leja. Mwanafunzi wa leo anayeandika jarida kisha kuhamishia kwenye leja anafuata njia ile ile, ila daftari la kwanza limechukuliwa na ankara, stakabadhi na vocha.

Badala ya kukariri orodha ya akaunti zipi ni debiti, ni afadhali kuushika mlinganyo mmoja: mali ni sawa na madeni kujumlisha mtaji. Tuseme mtu ameanza biashara kwa kuweka taslimu 10,000. Mali ni 10,000, madeni hakuna, mtaji ni 10,000. Akinunua samani za 4,000 kwa taslimu, mali imebadili sura tu, yaani taslimu 6,000 na samani 4,000, na upande wa pili haukuguswa. Akikopa 5,000, mali inapanda hadi 15,000 na deni la 5,000 linaingia. Akinunua bidhaa za 2,000 kwa mkopo, mali ni 17,000, madeni 7,000, mtaji bado 10,000. Hadi hapo wengi huenda vizuri. Kisha swali linasema kwamba mwenye biashara amechukua taslimu 500 kwa matumizi ya nyumbani kwake, na hapo nusu ya darasa huandika 500 kuwa gharama ya biashara.

Si gharama. Vitabu ni vya biashara, na biashara katika uhasibu ni nafsi iliyo mbali na mwenyewe, hata kama kwa sheria ni mtu yule yule na ufunguo wa kasha anao yeye. Alichokitoa kimepunguza dai lake juu ya biashara, basi mtaji unashuka hadi 9,500, na mali ya 16,500 inalingana na madeni ya 7,000 kujumlisha mtaji huo. Kanuni hii ya nafsi ya biashara ndiyo inayoeleza kwa nini mtaji huandikwa upande mmoja na madeni, jambo ambalo mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nililikataa kwa muda mrefu: niliwezaje kuwa na deni la fedha zangu mwenyewe? Anayedaiwa ni biashara, na mwenye mtaji ni mdai wake wa mwisho kabisa, anayelipwa baada ya wengine wote.

Hapa lugha yetu inatuneemesha bila sisi kujua. Mdai ndiye anayedai, mdaiwa ndiye anayedaiwa; irabu na kiambishi vinamaliza kazi. Hata hivyo, kila mwaka naona karatasi za majaribio ambamo wadai wamewekwa kwenye mali. Ni haraka tu, kwa sababu ukimwuliza mwanafunzi huyo kwa mdomo nani anamdai nani, anakujibu sawasawa.

Kuhusu urari wa majaribio, yaani orodha ya masalio ya leja ambamo jumla ya debiti na jumla ya krediti zinapaswa kulingana, nina kisa. Nikiwa kidato cha tatu nililala usiku wa manane kwa sababu pande mbili za urari wangu zilipishana kwa 540, nikajumlisha upya safu zote mara tano. Baadaye mwalimu alinionyesha mambo mawili ambayo mimi siku hizi huyafundisha kabla ya jambo jingine lolote. Kwanza, gawa tofauti kwa mbili, kisha tafuta kiasi hicho kwenye leja, kwa kuwa huenda 270 imeandikwa upande usio wake. Pili, angalia kama tofauti inagawanyika kwa tisa bila baki. Ikigawanyika, yawezekana umepindua tarakimu mbili. Yangu ilikuwa 2,820 niliyoiandika 2,280. Kila upinduaji wa tarakimu mbili huacha tofauti inayogawanyika kwa tisa, na ukielewa kwamba tarakimu ikihama nafasi moja thamani yake huongezeka au hupungua mara kumi, utaona mwenyewe kwa nini.

Hata hivyo, urari ukikubali usifurahi mno. Tukio lililosahauliwa kabisa halionekani ndani yake, kwa sababu halikuandikwa upande wowote. Vivyo hivyo, ukinunua mashine ukaiandika kwenye akaunti ya matengenezo, pande zitalingana vizuri huku faida ya mwaka ikiwa imepunguzwa kwa uongo na mali ikiwa imefichwa. Watahini hulipenda kosa hili la kanuni kwa sababu linapima kama mwanafunzi anatofautisha matumizi ya mtaji na matumizi ya kawaida: ya kwanza hununua kitu kitakachotumika kwa miaka kadhaa, ya pili hulipia kinachoisha ndani ya kipindi. Tofauti hiyo hiyo utaikuta kwenye bajeti za serikali, ambako kujenga barabara na kulipa mishahara huwekwa mafungu tofauti.

Sasa tuvuke upande wa pili. Kama vile biashara isivyo mwenye biashara, dola si serikali, na serikali si mtu anayekalia ofisi. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unataja sifa nne za dola: wakazi wa kudumu, eneo lenye mipaka inayojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika uhusiano na dola nyingine. Tazama kwamba serikali ni sifa moja kati ya nne; ni sehemu ya dola, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba maneno hayo yana maana moja anapoteza alama za bure. Serikali inaweza kuondoka kwa uchaguzi na nyingine ikaingia kesho yake, lakini dola inabaki, na madeni iliyokopa yanabaki pamoja nayo. Hii ni kanuni ya nafsi ya biashara iliyovaa vazi jingine: mkopaji alikuwa dola, na aliyetia sahihi alikuwa mikono yake ya wakati ule.

Tofauti moja ni kubwa, nami huisisitiza. Mwenye biashara akichukua 500 kwa ajili ya nyumbani, tunapunguza mtaji wake na mambo yanaisha, kwa kuwa ni mali yake. Mtumishi wa umma akifanya hivyo hakuna akaunti halali ya kuiandika, maana hana mtaji humo. Vitabu si vyake.

Kutoka hapo, mihimili mitatu ya dola inaeleweka bila kukaririwa. Bunge hutunga sheria, Serikali huzitekeleza, Mahakama huzitafsiri na kuamua mashauri. Montesquieu, Mfaransa aliyewahi kuwa hakimu huko Bordeaux, aliichambua hoja hii mwaka 1748 kwa kusisitiza kwamba uhuru hauwezi kuwapo pale mamlaka hizo zinapoangukia mkono mmoja. Wahasibu wana kanuni ya namna hiyo katika udhibiti wa ndani: anayeidhinisha malipo asiwe anayeshika fedha, na anayeshika fedha asiwe anayeandika vitabu. Sababu haihitaji kudhani kwamba watu ni wezi. Mtu akikosea peke yake katika hatua zote tatu, hakuna mahali ambapo kosa lake litagongana na kazi ya mwingine likajulikana.

Mgawanyo huu hauna umbo moja duniani. Uingereza mawaziri hutoka bungeni na huendelea kuketi humo. Marekani katiba inamkataza mwenye cheo katika serikali kuu kuwa mjumbe wa Kongresi, yaani bunge la nchi hiyo, kwa wakati huo huo. Swali la mtihani likikutaka ueleze mgawanyo wa madaraka, usiandike juu ya serikali za mitaa, kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika somo hili. Kupeleka madaraka ngazi za chini ni ugatuzi, nao ni mgawanyo wa juu kwenda chini. Mihimili inagawana madaraka kwa ubavu, katika ngazi moja.

Mahali ambapo masomo haya mawili hukutana uso kwa uso ni kwenye fedha za umma. Nchini Uingereza, sheria ya haki ya mwaka 1689 ilitamka kwamba mfalme kutoza fedha pasipo idhini ya Bunge ni kinyume cha sheria. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, iliweka upande wa pili wa jambo hilo: fedha haitoki hazina ila kwa idhini iliyotolewa na sheria. Kuingiza kunahitaji ruhusa, na kutoa kunahitaji ruhusa. Likabaki swali la tatu, ambalo lilichukua muda mrefu zaidi kupata jibu, yaani nani atahakikisha kwamba kilichoruhusiwa ndicho kilichofanyika. Bunge la Uingereza liliunda kamati ya hesabu za serikali mwaka 1861, na mwaka 1866 sheria ikaanzisha ofisi ya mkaguzi mkuu wa hesabu. Utaratibu wa mkaguzi wa aina hiyo, na kamati ya bunge inayoisoma taarifa yake, umeenea katika nchi nyingi zilizofuata mfumo huo.

Bajeti, basi, ni makadirio yaliyoidhinishwa. Hesabu za mwisho wa mwaka ni taarifa ya yaliyotokea. Ukaguzi ni ulinganishaji wa hayo mawili pamoja na vielelezo. Mwanafunzi akichanganya bajeti na hesabu za mwisho anachanganya ahadi na kilichofanyika. Tena nakisi ya bajeti isiitwe hasara, kwa kuwa hasara hupimwa kwa gharama kuzidi mapato ya biashara inayotafuta faida, na serikali haikuundwa kutafuta faida. Nakisi ni matumizi kuzidi mapato, na pengo hilo kwa kawaida huzibwa kwa kukopa.

Mwanafunzi wangu yule wa usuluhishi wa benki, tulipofika hapo, aliuliza kwa nini taarifa ya mkaguzi hupelekwa bungeni wakati waziri ndiye anayeziongoza wizara na ndiye angeweza kuyarekebisha makosa upesi. Nilifungua kinywa nimjibu, lakini alikuwa ameshainamia karatasi yake, na juu ya swali hilo nikaona ameandika kwa herufi ndogo: vitabu ni vya nani?